Wiki kumi na mpira ubavuni: kisa cha mrija wa nyongo uliokatwa

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 41, mkaazi wa Maweni hapa Malindi, mama wa watoto wanne, riziki yake viazi karai na mahamri. Jina lake silitaji, na yale mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alifikishwa wadi yetu ya upasuaji siku ya sita baada ya kutolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya kamera katika hospitali nyingine ya Pwani. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kilichomwokoa ni uamuzi wa kutomfungua tumbo siku aliyofika. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya, na ni mgumu zaidi kuueleza kwa jamaa waliosimama mlangoni.

Ugonjwa ulianza na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakimjia usiku akishakula vya mafuta, yakimpanda hadi bega. Karibu mwaka mzima alitibiwa vidonda vya tumbo. Alimeza omeprazole pakiti kwa pakiti, akaacha pilipili, akaacha maharagwe, akaambiwa ni gesi. Mpaka siku alipoanguka sebuleni akigaagaa ndipo akapigwa ultrasaundi, na mawe yakaonekana: mengi, madogo madogo, na ukuta wa mfuko umevimba. (Katika kaunti yetu ya Kilifi mawe ya nyongo huyakuta hata kwa vijana, kwa kuwa selimundu iko kwa wingi, na chembe nyekundu zikivunjika ovyo huacha rangi inayogandamana kuwa mawe. Mama huyu hakuwa na selimundu. Lakini kijana wa miaka 15 akiumwa upande ule, usimtume nyumbani na dawa ya vidonda bila kumtazama ini na mfuko wake.)

Alishauriwa afanyiwe upasuaji, ushauri sahihi kabisa. Mfuko wenye mawe yanayouma hautibiwi kwa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu, hata mtandao mzima ukiapa. Hutolewa. Na siku hizi hutolewa kwa matundu manne madogo na kamera, mgonjwa akarudi kwake kesho yake au kesho kutwa.

Karatasi ya ruhusa aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja wa maana: upasuaji umefanyika vizuri, arudi kliniki baada ya wiki mbili. Haikutaja kama kulikuwa na damu nyingi. Haikutaja klipu (vibanio vidogo vya kuzibia mirija) ngapi zilitumika, wala kama mpira wa kutolea maji uliachwa tumboni, wala kama mfuko ulikuwa umeganda na kushikamana na viungo vya jirani. Yaliyotusaidia aliyasema mumewe, nahodha wa mashua anayekwenda Lamu na kurudi, mtu aliyezoea kuhesabu saa. Alisema waliambiwa kazi itachukua saa moja, na mkewe akatoka thieta baada ya saa tatu na robo. Kwa mpasuaji anayesikiliza, hiyo peke yake ni nusu ya utambuzi.

Siku ya tatu tumbo lilianza kujaa na kuuma. Alipiga simu kule alikopasuliwa akajibiwa kuwa ni hewa iliyotumika wakati wa upasuaji, itaondoka. Hewa ile huondoka ndani ya siku moja au mbili, na haiongezi maumivu kadiri siku zinavyosonga. Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa kamera anapaswa kuwa nafuu kila siku kuliko jana yake. Asipokuwa nafuu, kuna kitu, na kitu hicho kitafutwe siku hiyo hiyo.

Alipofika kwetu joto lilikuwa 38.6, mapigo ya moyo 118, ulimi mkavu, weupe wa macho umeingia manjano na mkojo umekoza kama chai ya rangi. Tumbo lilikuwa gumu upande wa kulia. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo ikipimwa kwenye damu, ilikuwa 74, ilhali kawaida haipiti kama 20. Ultrasaundi ilionyesha dimbwi kubwa la maji chini ya ini. Tulimtia ganzi ya juu juu, tukaingiza mpira ubavuni tukiongozwa na picha, na yakatoka maji ya kijani kibichi kilichokolea, yale yanayoacha doa la manjano kwenye shuka ambalo sabuni hailing'oi. Mililita 900 mara ya kwanza. Hapakuwa tena na la kubishana: mrija wa nyongo ulikuwa wazi mahali fulani, na ini lilikuwa linamwaga tumboni.

Kilichotokea ndani

Ini la mtu mzima hutengeneza nusu lita hadi lita moja ya nyongo kwa siku. Mrija wa kulia na wa kushoto hutoka ndani ya ini, hukutana mlangoni mwake, na kuwa mrija mkuu mmoja unaoshuka hadi sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Upana wake kwa mtu mzima asiye na ugonjwa ni kama milimita 6. Mfuko wa nyongo unaning'inia pembeni, umeunganishwa na mrija mkuu kwa mrija mwingine mwembamba na mfupi. Kuutoa mfuko ni kukata vitu viwili tu, mrija huo mwembamba na ateri ndogo inayoulisha mfuko, kisha kuubandua kwenye ini.

Tatizo huanza pale uvimbe wa muda mrefu unapovuta kila kitu kikakaribiana. Msaidizi anauvuta mfuko juu, mrija mwembamba na mrija mkuu vinajipanga kwenye mstari mmoja, na kwenye skrini mpasuaji anaona mrija mmoja tu unaoingia kwenye mfuko. Anaamini ndio wenyewe. Anatia klipu, anakata. Alichokata ni mrija mkuu. Kisha anapoendelea kuubandua mfuko anakutana na "mrija wa ziada" unaotoka kwenye ini, naye anaukata vilevile, na kwa njia hiyo kipande kizima cha mrija mkuu kinatoka pamoja na mfuko. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake huko San Francisco walichambua majeraha 252 ya aina hii wakakuta kwamba katika asilimia 97 chanzo kilikuwa jicho kudanganyika. Uhaba wa ujuzi wa mkono ulikuwa sehemu ndogo sana. Kwa hiyo mtu asidhani hili huwapata wanagenzi peke yao.

Carl Langenbuch aliutoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, kwa kufungua tumbo. Erich Mühe, Mjerumani mwenzake, alifanya ya kwanza kwa kamera mwaka 1985. Katika upasuaji wa kufungua, mrija mkuu ulikuwa ukiumia kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya 1,000. Kamera ilipoenea miaka ya 1990 hesabu ikapanda hadi watatu, wanne, hata sita kati ya 1,000. Ndipo Steven Strasberg, mwaka 1995, akaweka kanuni ambayo leo kila anayeshika kamera hufundishwa: usikate kitu mpaka umesafisha mafuta na utando wote wa pembe ile, umebandua theluthi ya chini ya mfuko kutoka kwenye ini, na umeona kwa macho yako vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko. Ukishindwa kuviona, kuna milango ya kutokea. Acha sehemu ya chini ya mfuko mahali pake na utoe iliyobaki. Piga picha ya rangi ya mirija mgonjwa akiwa mezani. Fungua tumbo. Mwite mwenzako aje atazame. Hakuna kati ya hayo linalomvunjia mpasuaji heshima yake, ingawa wako wanaodhani hivyo, na wagonjwa ndio wanaolipia dhana hiyo.

Mimi simlaumu mwenzangu kwa jicho lililodanganyika. Ninacholaumu ni ukimya uliofuata. Mgonjwa anaposema siku ya tatu kwamba tumbo linajaa, jibu ni "njoo leo".

Kwa nini hatukufungua

Jamaa walitaka afunguliwe usiku ule. Mavyaa yake, bibi wa makamo aliyefunga leso kiunoni na kukaa kitako kwenye korido tangu alasiri, alinishika mkono.

"Daktari, mwanangu, mtu amekatwa. Si ashonwe?"

"Atashonwa, mama. Lakini leo uzi hautashika."

"Hautashika vipi na nyinyi ndio mafundi?"

Swali la haki. Nilimjibu kwa ufupi pale pale, na hapa nalijibu kwa urefu.

Kwanza, tumbo lililokaa siku sita ndani ya nyongo na usaha limechubuka kila mahali. Nyama imevimba, inakatika kwenye uzi. Mshono wowote juu yake utavuja, na kinachovuja huishia kuwa kovu linalobana. Pili, mrija uliokatika na kumwaga huru huwa umesinyaa, milimita 3 au 4. Kuuunganisha na utumbo katika upana huo ni kutafuta maungio yatakayoziba kabla ya mwaka kwisha.

La tatu ndilo zito, nalo ni la damu. Mwaka 1979 Northover na Terblanche walionyesha kwamba mrija mkuu hulishwa na vimishipa viwili vinavyofuata kingo zake za kulia na kushoto. Takriban asilimia 60 ya damu hiyo hupanda kutoka chini, na takriban 38 hushuka kutoka kwenye ini. Kata mrija katikati na ncha ya juu imepoteza sehemu kubwa ya chakula chake. Ongeza joto la kifaa cha umeme kilichotumika kukatia, na ncha hiyo itaendelea kufa polepole kwa siku na wiki kadhaa. Anayeunganisha siku ya sita anaunganisha na nyama ambayo bado haijaamua kama itaishi. Anayengoja huona wazi inapoishia iliyokufa na inapoanzia iliyo hai.

Kuna dirisha la mapema. Jeraha likigunduliwa mgonjwa akiwa bado mezani, na mtaalamu wa ini na nyongo yupo au anafikika, litengenezwe hapo hapo. Hata ndani ya siku tatu hivi, kama hakuna uambukizo, vituo vyenye uzoefu hufanya. Mama huyu dirisha lake lilikuwa limefungwa siku alipoambiwa ni hewa.

Na kuna jambo la nani ashike kisu. Stewart na Way waliandika mwaka 1995 kwamba matengenezo ya kwanza yaliyofanywa na mpasuaji yule yule aliyejeruhi yalifaulu kwa asilimia 17 tu, ilhali yaliyofanywa na mtaalamu wa kituo cha rufaa yalifaulu kwa asilimia 94. Tofauti hiyo haitokani na mikono peke yake. Aliyejeruhi huwa na haraka, ana aibu, mara nyingi hana ramani ya mirija, na anataka jambo liishe kabla halijajulikana. Nafasi nzuri ya kutengeneza ni ile ya kwanza. Kila jaribio linaloshindwa hula kipande kingine cha mrija na kuusogeza mwanya juu zaidi, ndani ya ini. Malindi tungeweza kumfungua. Vyombo tunavyo, uzi tunao, na wako wapasuaji wazuri. Tuliamua kazi yetu ni tatu: kutoa nyongo nje, kuua wadudu wa uambukizo, na kuandika barua ya rufaa iliyojaa.

Barua hiyo nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mpira. Tarehe ya upasuaji wa kwanza, muda uliotumika, siku dalili zilipoanza, kiasi cha nyongo kila saa 24, vipimo vyote kwa mpangilio wa tarehe, dawa alizopewa na saa zake. Mtaalamu wa Mombasa aliyempokea alinipigia simu kuuliza jambo moja tu, mengine yote aliyakuta.

Ramani

Mombasa walimpiga MRI ya mirija ya nyongo, kisha wakapitisha rangi kwenye mpira na kupiga picha kuona inakwenda wapi. Majeraha haya hupangwa kwa madaraja. Daraja la chini kabisa la Strasberg, A, ni kuvuja kutoka kwenye kisiki cha mrija mwembamba au kwenye vimirija vidogo vya kitanda cha mfuko, na hilo hutibiwa bila kisu. Kamera hupita mdomoni hadi utumboni, ile tunayoiita ERCP, na kirija cha plastiki huachwa ndani ya mrija mkuu ili nyongo ipate njia rahisi ya kushuka. Mama huyu hakuwa na bahati hiyo. Mrija wake ulikuwa umekatika wote, sehemu ya chini imebanwa na klipu, ya juu iko wazi. Kamera inayopanda kutoka utumboni ingefika kwenye klipu na kukwama.

Picha ilisema E2, yaani kisiki cha juu kilichobaki ni chini ya sentimita 2 kutoka mlango wa ini, ambapo wa kulia na wa kushoto hukutana. Mtaalamu aliagiza pia CT yenye dawa ya mishipa. Ateri ya kulia ya ini hupita jirani kabisa na mahali panapokatwa, na kwa wagonjwa wengi wa aina hii huwa nayo imetiwa klipu. Yake ilikuwa nzima. Habari hiyo ilitupa matumaini kuliko yote, kwa kuwa maungio bila damu ya kutosha hayadumu.

Kisha akarudishwa Malindi kungoja.

Kungoja

Wiki kumi zile ndizo sehemu ya matibabu ambayo haiandikwi sana, na ndizo zilizotaka kazi zaidi.

Mpira ulitoa kati ya mililita 400 na 600 kila siku. Nyongo ina chumvi nyingi, na ikitoka nje yote mgonjwa hukauka na chumvi ya damu hushuka. Katika joto la Malindi mambo huenda haraka. Wiki ya pili sodiamu yake ilifika 128 na alikuwa akizungumza kwa uzito. Tulimwekea dripu, kisha tukamwandikia maji ya ORS kila siku, apende asipende, juu ya maji yake ya kawaida. Madafu alipenda zaidi, lakini dafu lina potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo, halijazi pengo hili peke yake.

Bila nyongo utumboni, mafuta hayasagwi, na vitamini zinazosafiri na mafuta hupotea. Ya kwanza kuonekana ni K, ambayo damu huihitaji ili kuganda. Alichomwa sindano za vitamini K, na kipimo cha kuganda kwa damu kikarudiwa mpaka kikakaa sawa. Chakula kilikuwa vita. Pwani nzima inapika kwa tui. Wali wa nazi ulimletea choo cheupe chenye kuelea na harufu isiyovumilika, naye akaona haya hata kutusimulia, akamtuma binti yake. Tukakubaliana wali mweupe, samaki wa kuchemsha au wa kupaka limau na kuchomwa, viazi, mayai kidogo kidogo. Alipungua uzito wiki tatu za mwanzo, kisha akashika.

Ramadhani ilimkuta katikati ya kungoja. Alitaka kufunga. Niliacha imamu wa msikiti wao amwambie kwamba mgonjwa ana ruhusa na atalipa siku nyingine, kwa sababu kutoka kwangu maneno hayo yangesikika ya udaktari tu.

Mumewe aliacha safari za Lamu kwa mwezi mmoja. Kila alfajiri alipima mfuko wa nje na kuandika kiasi kwenye daftari, lile lile alimokuwa akiandika madeni ya samaki, tarehe upande mmoja na mililita upande wa pili. Siku moja ikasoma 450, kesho yake 60. Hakungoja kuona kitatokea nini. Alimpakia tuktuk akamleta kabla ya jua kutoka, na alipofika alikuwa ameanza kutetemeka. Mpira ulikuwa umeziba. Ukaoshwa, ukabadilishwa, nyongo ikashuka, homa ikakata mchana huo. Kwa mgonjwa mwenye mpira, kiasi kupungua ghafla si habari njema hata kidogo kama jamaa wanavyodhani ("inakauka, inapona"), na sisi wauguzi na madaktari tunapaswa kuwaambia hivyo siku ya kwanza, kwa mdomo na kwa maandishi.

Gharama nazipita haraka. Kadi yao ilikuwa ya NHIF ya zamani, bima ya afya ya taifa, na SHA, iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, walikuwa bado hawajailipia. Michango ikapitishwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kwa M-Pesa, na mashua ikawekwa rehani. Aliyejeruhiwa hospitalini ndiye aliyelipia kutengenezwa. Hilo si swali la kisu, lakini sioni haya kulisema.

Thieta

Wiki ya kumi alifunguliwa Mombasa, nami nilikaribishwa kusimama pembeni. Mkato ulifuata chini ya mbavu za kulia. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye kubandua utumbo mpana na duodeni (ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba) vilivyokuwa vimeganda kwenye ini, kidogo kidogo, kwa mkasi na subira.

Walipofika kwenye kisiki, picha na ukweli vilitofautiana. Ncha ile ya sentimita moja na nusu ilikuwa ngumu, nyeupe, haina damu. Wakaikata nyuma hadi penye nyama hai, na nyama hai ilianza palepale mirija miwili inapokutana. E2 ikawa E3. Lau angeunganishwa siku ya sita, uzi ungepita kwenye kile kipande kilichokuja kufa.

Hapa ndipo mbinu ya Hepp na Couinaud, Wafaransa walioieleza mwaka 1956, inapolipa. Mrija wa kushoto wa ini una bahati ya kusafiri nje ya ini kwa sentimita kadhaa, chini ya kipande cha nne cha ini, ukiwa umefunikwa na utando mgumu. Mpasuaji akiukata utando huo na kuushusha, mrija wa kushoto unajitokeza, haukuguswa na jeraha, hauna kovu. Anaupasua kwa urefu upande wa mbele, kutoka kwenye makutano kwenda kushoto, na kutoka kwenye tundu la milimita 5 anapata mdomo wa sentimita mbili na nusu. Mirija yote miwili inamwagika kupitia mdomo huo mmoja.

Kwa nini wasiunganishe ncha kwa ncha? Kwa sababu kipande cha mrija kilishatupwa pamoja na mfuko, na kuvuta ncha mbili zikutane ni kushona kwa mvuto, tena upande mmoja hauna damu. Walichofanya ni kukata utumbo mwembamba sentimita kadhaa mbele ya mwisho wa duodeni, wakapandisha ncha ya chini hadi kwenye ini kama sentimita 50, na ncha ya juu wakairudisha pembeni ya utumbo ule ule chini zaidi, likapatikana umbo la herufi Y. Njia hii ina jina la César Roux, mpasuaji wa Lausanne. Urefu ule unazuia chakula kisipande na kuingia kwenye mirija ya ini.

Mshono wenyewe ulikuwa wa tabaka moja, uzi mwembamba wa 5-0 unaoyeyuka, fundo moja moja, utando laini wa ndani wa mrija ukigusana na utando laini wa ndani wa utumbo pande zote. Mtaalamu alipitisha nyuzi zote za nyuma kwanza bila kuzifunga, akazipanga kwenye vibanio kwa zamu, kisha akazifunga moja baada ya moja. Hakuzungumza muda wote huo. Alipomaliza alitazama rangi ya utumbo, akavuta kidogo kuona kama kuna mvuto, akaridhika.

Siku ya tatu mpira mpya ulitoa mililita 40 zenye dalili ya nyongo, siku ya tano maji meupe tu. Aliruhusiwa siku ya tisa. Choo chake kilirudi rangi yake, na hiyo ndiyo habari aliyoipigia simu nyumbani kabla ya zote.

Homa ya mwezi wa nne

Mwezi wa nne baada ya hapo alipatwa na homa ya kutetemeka. Duka la dawa la mtaani lilimpa dawa ya malaria bila kumpima. Malindi homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa watu wengi kanuni hiyo si mbaya. Kwa mtu aliyeunganishwa mrija na utumbo kanuni inageuka: homa na kutetemeka ni uambukizo wa mirija ya nyongo mpaka ithibitike vinginevyo. Alifika kwetu siku ya pili, kipimo cha malaria hakina kitu, alkalini fosfatesi, kipimo cha damu kinachopanda mirija ya nyongo ikibanwa, imepanda maradufu. Antibiotiki za mshipani siku tano, ultrasaundi ikaonyesha mirija ndani ya ini haijapanuka, homa ikaisha. Pengine makapi ya nyongo yaliziba kwa muda na kupita.

Anthony Eden wa Uingereza ndiye mgonjwa mashuhuri kuliko wote wa jeraha hili. Alitolewa mfuko London Aprili 1953, akiwa waziri wa mambo ya nje, na mrija ukaumia. Akafunguliwa tena London mwezi huo huo, kisha Juni Richard Cattell akamtengeneza huko Boston. Akawa waziri mkuu 1955. Oktoba 1956, mgogoro wa Suez ukipamba moto, homa kali ikamrudia ghafla. Januari 1957 akajiuzulu kwa sababu ya afya, na mwaka huo huo Cattell akamfungua kwa mara nyingine. Maungio yanayobana mengi hujitokeza katika miaka michache ya mwanzo, lakini yako yanayobana baada ya miaka 10, na yakiachwa kimya huishia kulitia ini makovu. Yakigunduliwa mapema, mara nyingi yanatanuliwa kwa puto linalopitishwa ubavuni, bila kufungua tena.

Kwa hiyo tumemwandikia kadi anayotembea nayo kwenye pochi ya simu. Kwa Kiswahili, herufi kubwa: aliunganishwa mrija wa nyongo na utumbo, akipata homa ya kutetemeka, macho manjano au kuwashwa mwili, apimwe ini na aanzishwe antibiotiki siku hiyo hiyo, malaria ipimwe, isikisiwe. Mwenye duka la dawa ameibandika nakala yake ukutani, nyuma ya kaunta.

Sasa ametimiza miezi 14. Bilirubini iko 11. Alkalini fosfatesi iko juu kidogo ya kawaida na imetulia hapo kwa vipimo vitatu mfululizo. Anauza viazi asubuhi tu, jioni mkato unamvuta akisimama sana. Vipimo vya ini ni kila miezi sita, ultrasaundi mara moja kwa mwaka, na alkalini fosfatesi ikianza kupanda tutamrudisha Mombasa kwa MRI hata kama hana homa. Ripoti ya upasuaji wa kwanza, ile yenye maelezo ya kilichofanyika ndani, familia iliipata baada ya kuandika barua mbili. Ina kurasa mbili, na kwenye ya pili pameandikwa kwamba kulionekana "mrija wa ziada" ukitiwa klipu.